Bati Arobaini na Nane

Mwaka ule Asajile alirudi kutoka Tunduma
na bati arobaini na nane,
si zile nyepesi za kukunjwa na upepo.
Watu wa Uyole walikuja kuzigusa.
Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka,
nami nikachinja jogoo, sikuuliza.
Dereva wa lori ana posho, nilijisemea,
labda tajiri wake amemwongeza.

Nilijua.
Msinitafutie udhuru.
Tairi la akiba haliwi zito namna ile,
wala halilali chini ya kitanda cha watu,
limefunikwa blanketi ambalo mtoto alilikosa
Juni nzima, baridi ikitafuna vidole.
Nililala juu yake siku mbili.
Halikuwa na harufu.
Ndiyo maana niliweza kulala.

Ambokile alikuwa na miaka sita.
Alizihesabu bati kwa kijiti,
akakosea kwenye thelathini, akaanza upya,
kisha akaja kunikumbatia miguu:
"Mama, hatutanyeshewa tena."

Breki zilimtoroka baba yake kwenye mteremko wa Iwambi.
Wenye mzigo walifika kwenye ajali kabla ya ndugu,
wakapekua lori,
wakaacha rambirambi ndani ya bahasha ya kaki,
wakaondoka kabla ya chai.

Bati zikabaki.
Mvua ya Machi ikizipiga, hamsikilizani ndani,
na mimi niliupenda ule uziwi.

Kete niliyoijua ni ya bao.
Hii nyingine niliijua siku nilipokuta karatasi
imekunjwa ndogo kama hirizi
ndani ya soksi ya mwanangu,
utingo wa miaka kumi na tisa, mpakia viazi.

Ikapotea pasi. Ikapotea redio.
Vikapotea vitenge nilivyovaa msibani.
Nikanunua kufuli.
Mwizi alikuwa na ufunguo.

Halafu usiku mmoja, nikichochea moto,
nikaona nyota juu ya jiko.

Alikuwa akisubiri mvua kubwa.
Kelele za bati zilimficha aking'oa misumari ya bati,
na asubuhi elfu tisa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu,
na kufika saa nne hakuna tisa, hakuna elfu,
kuna kijana amesinzia wima kando ya barabara
kama aliyesahau alikuwa akienda wapi.

Mchungaji alisema pepo.
Polisi alisema nauli.
Mjomba alileta kamba, tumfunge kwenye mparachichi,
na tulimfunga, Mungu anatuona,
akalia mpaka jogoo wakaacha kuwika.
Nilimfunika blanketi lile lile.
"Mama," meno yakigongana, "baridi iko ndani ya mfupa."

Sasa kila alfajiri namsindikiza hospitali.
Anapewa kikombe kidogo, anakunywa mbele ya nesi,
anafungua mdomo kuonyesha amemeza,
kama alivyofungua zamani akiombea uji uliobaki.
Kuna siku haendi. Sitasema amepona.

Kwenye benchi nimezoeana na mama mmoja wa Chimala.
Wake aliuza milango, alisema, hata wa choo.
Nikamuuliza alianza lini.
Akanitajia mwaka,
akanitajia na lori lililokuwa likilala pale usiku,
dereva mcheshi, akiwagawia watoto pipi.
Nikageuka kumtazama nesi.
Ulikuwa mwaka wa bati.

Zimebaki kumi na moja.
Ikinyesha tunahamia chumba kimoja, mimi na yeye,
masufuria yamepangwa sakafuni.
Juzi aliniuliza, taratibu, bila hasira:
"Baba alizinunuaje hizi?"

Tone likaanguka kwenye sufuria.
Nikaanza kuhesabu, moja, mbili,
ili nisijibu.
Kwenye thelathini nikakosea.